Kengele Iliyolia Wakati wa Matanga

Jumatatu, 5 Oktoba 2015. Kasulu.

Kosa la wengi ni kufunga kengele kisha kuona kazi imekwisha. Kengele haimalizi kitu, inaanzisha tu. Ikilia, lazima awepo mtu wa kuisikia, ajue maana yake, na awe na uwezo wa kufanya jambo. Pasipo hayo ni kelele.

Leo baada ya chai nimezifuta kengele zote za zamani. Ziliwekwa na fundi wa makao makuu aliyekuja mara moja na kuondoka. Alifunga kengele kwenye kila kipimo alichokikuta, kama mtu anayetia chumvi bila kuonja. Simu ya Adelina kule Kibondo ilikuwa ikilia hadi kanisani. Anasema padri alinyamaza katikati ya mahubiri akamngoja aizime. Tangu siku hiyo hakuna anayezisoma. Meseji zimerundikana pamoja na zile za bahati nasibu.

Nieleze, japo anayenisikiliza ni daftari. Mazoea ya ubaoni hayatoki, na hesabu nilifundisha miaka mingi mno. Kanzidata tunayoitunza ni ya watu wanaotafutana. Wamevuka kutoka Burundi, wamepotezana njiani. Upande mmoja tunaandika anayetafuta. Upande wa pili tunaandika aliyeonekana. Jina, jina la mama, kilima alikotoka, yaani kijiji kwa Warundi, alama za mwilini, picha. Shukuru anaandikisha hapa kambini Kasulu, Adelina anaandikisha kambi ya Kibondo. Mashine inalinganisha pande mbili. Zikikutana, inatujulisha.

Mashine yenyewe haiko hapa. Tunaikodi kwa kampuni ya nje, iko nchi ambayo sijafika. Wenzangu wanaita wingu. Siwezi kuigusa wala kusikia feni yake. Naona vipimo tu kwenye skrini. Ni sawa na kumuuguza mgonjwa aliye mji mwingine kwa kusomewa kipimajoto kwenye simu. Ndiyo maana nahitaji kengele.

Mvua imenyesha mchana kutwa. Goti linauma.


Jumatano, 7 Oktoba.

Nimebakiza vipimo vinne. Nafasi iliyobaki kwenye diski. Idadi ya walioungana na mashine kwa wakati mmoja. Kichwa cha mashine kinafanya kazi kiasi gani. Na cha mwisho, kama iko hai.

Kipimo kikuu ni diski. Diski ikijaa, kanzidata haipokei neno jipya. Ya zamani utayasoma, mapya yanabaki mlangoni. Nimeweka kengele ilie nafasi ikishuka chini ya sehemu moja ya kumi. Nilifikiria sehemu moja ya tano, nikaona italia mapema na watu watazoea. Wakizoea hawatasikia tena. Kupanga kiwango cha kengele ni kumjua binadamu zaidi ya kuijua mashine.

Nimejifunza mambo mawili. La kwanza, kengele hizi hulia mara moja tu, pale hali inapobadilika. Hali ikiendelea kuwa mbaya, hainong'oni tena. La pili, kila kengele ina hali tatu. Salama. Hatari. Sina taarifa. Hiyo ya tatu naiheshimu. Ina ukweli kutuzidi sisi. Huku kwetu kwa Waha ukimuuliza mtu habari atajibu nzuri hata kama nyumba yake imeungua nusu. Hiyo nusu utaisikia baadaye, mkishaketi.

Mabasi yameanza kuwahamisha watu kutoka kambi ya hapa kwenda Kibondo. Hapa pamejaa kupita kiasi. Kila basi linapoondoka kuna anayebaki anaita jina.


Jumamosi, 10 Oktoba.

Nimejaribu kengele ya diski. Nilipandisha kiwango makusudi ili ilie. Ikalia. Adelina akapiga simu papo hapo. Nikafurahi.

Alianza na shikamoo. Kisha habari za mke wangu, Mama Tekla, za goti langu, za mvua ya huku. Nikapokea za mvua ya Kibondo, za mama yake, za mbuzi wao aliyezaa mapacha. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ile kengele imelia."

Nikamtania kwamba diski ingeshajaa wakati mbuzi bado ana uchungu. Akacheka sana. Akasema hawezi kumvamia mzee na habari mbaya bila salamu, mama yake hakumlea hivyo, na akithubutu nitamshtaki kwa wazazi wake. Ni kweli ningemshtaki. Nilimfundisha kidato cha pili. Alikuwa akipokea daftari lake kwa mikono miwili.

Kengele imefaulu. Nimeandika hivyo kwenye taarifa ya wiki.

Makao makuu wameleta simu mpya za kupigia picha. Picha safi, mpaka kope zinahesabika. Nzito mno. Niwaambie Shukuru na Adelina wazipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha.


Jumanne, 13 Oktoba.

Adelina ameandikisha mama mmoja, Godeliva. Amevuka wiki iliyopita upande wa Munanila na mtoto wa mgongoni. Walikuwa kundi kubwa. Milio ya risasi ikasikika nyuma yao, kundi likatawanyika migombani. Alikuwa amemshika mkono binti yake, Kaneza. Walipofika bondeni mkono haukuwepo.

Mapokezi ya mpakani walimpakia moja kwa moja kwenye basi la Kibondo, hakupita Kasulu.

Mtoto ana miaka saba hivi. Meno mawili ya mbele hayajaota. Sweta la njano. Anatumia mkono wa kushoto. Adelina ameongeza mstari ambao fomu haiuombi: mama anakuja mezani kila asubuhi kabla hatujafungua, anasimama, haombi kiti.

Nimetafuta upande wa walioonekana. Hayupo. Bado.


Alhamisi, 15 Oktoba.

Zefania amefariki. Kaka yangu. Shambani kwake Muyama, amekaa chini ya kivuli cha kahawa kupumzika na hakuinuka. Nasafiri kesho alfajiri na Mama Tekla.

Nimekabidhi zamu kwa Adelina. Maelekezo mafupi: kengele ikilia, nipigie mimi. Neno la siri la kupanua diski ninalo mimi peke yangu. Ndivyo mkuu wa mradi alivyoagiza, kwa usalama, na mimi sikubisha. Nimeiondoa namba yangu kwenye kengele kwa siku za msiba. Mama Tekla amesema mtu haendi kumzika nduguye huku mfuko unanguruma. Nimeona ana haki.

Sikupata nafasi ya kuwaambia kuhusu picha.


Jumamosi, 17 Oktoba. Muyama.

Tumemzika. Udongo umelowa, kaburi lilikuwa linaporomoka pembeni, vijana wakalitengeneza mara mbili. Nimekuwa mkubwa wa ukoo kwa kutupa konzi moja ya udongo.

Mtandao unashika juu tu, karibu na shule. Nilipanda jioni kuwajulisha ndugu wa Mwanza. Simu ya Adelina ikaingia nikiwa pale. Alinipa pole ndefu, nzuri, ya mtu aliyelelewa. Nyuma yangu wanawake walikuwa wamefika kutoka Munanila wakaanza upya kulia, naye akawasikia. Nikamuuliza kazi inaendaje.

"Huku ni salama, Mwalimu. Wewe mlilie kaka yako."

Nikashukuru. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Nimeandika haya asubuhi ya Jumapili kwa sababu jana sikuwa na taa.


Jumatano, 21 Oktoba. Kasulu.

Tumeanua matanga jana. Leo nimefungua mashine.

Diski imejaa. Ilijaa Jumamosi. Kengele ililia Jumamosi adhuhuri, kama ilivyopangwa, kwa namba iliyopangwa. Meseji iliondoka. Meseji ilifika. Kisha ikanyamaza, kwa sababu hulia mara moja.

Nimeipanua diski. Kazi ya kubonyeza na kungoja maji ya chai yachemke. Ni hiyo tu iliyohitajika.

Kosa la mashine ningelielewa upesi. Hili limenichukua muda. Kompyuta za mezani zinahifadhi andiko zikikosa njia, zinaonyesha neno "itatumwa baadaye". Huku mtandao ni wa kusuasua, tunaliona neno hilo kila siku. Shukuru aliliona Jumamosi akadhani ni mtandao. Jumapili hakuna kazi. Jumatatu akadhani ni mtandao. Jana akadhani ni mvua.

Nilipopanua, yote yaliyokwama yakapita kwa pamoja. Nikawa nayatazama yakiingia. La kwanza kabisa lilikuwa la Jumamosi mchana. Kaneza. Miaka saba. Sweta la njano. Ameletwa na bibi mmoja, Serafina, aliyemwokota migombani na kutembea naye hadi huku. Picha safi. Mdomo umefumbwa, lakini kope zinahesabika.

Mashine imewalinganisha na Godeliva palepale. Imeweka alama ya kijani.

Nimempigia Shukuru aende hemani kwa bibi. Simu yake imezimika, chaji imekwisha. Kesho.


Alhamisi, 22 Oktoba.

Hema ni tupu.

Majirani wamemweleza Shukuru. Bibi Serafina alikuja mezani kwetu Jumatatu, akaja tena Jumanne, akiuliza kama kuna mama anayemtafuta mtoto. Shukuru aliiuliza mashine kama mtoto amelinganishwa. Mashine ikajibu hapana. Ilijibu kwa ukweli wa diski iliyojaa: kati ya wanaotafuta jina la Godeliva lipo, lakini mtoto hayumo ndani, hivyo hakuna cha kulinganisha. Ilitakiwa Shukuru asome mwenyewe upande wa wanaotafuta, jina kwa jina. Kulikuwa na foleni hadi nje ya uzio. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Bibi akasema kama huku mama hayupo basi yuko kilimani kwao, na mtoto hutafutwa nyumbani kwao. Jumanne jioni akafunga mzigo. Hakumuaga mtu wa ofisi. Ameelekea Munanila.

Nimeipima hoja yake mara nyingi. Haina kasoro. Kwa alichoambiwa, ningefanya vivyo hivyo.


Ijumaa, 23 Oktoba. Munanila.

Nimepanda bodaboda na goti langu. Barabara ni utelezi, dereva alinishusha mara kwa mara nitembee. Nimeuliza kwenye maduka, kwenye mashine ya kusaga, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mama mmoja anayelima maharage karibu kabisa na mpaka ameniambia walilala jikoni kwake juzi. Mtoto alikula ugali kwa mkono wa kushoto, bibi akamkemea, akahamisha, kisha akarudisha. Asubuhi wakashuka mtoni.

Nimesimama hapo. Upande wa pili, Burundi, ni kilima kama cha huku. Migomba, moshi wa jiko, mtu anapalilia. Sikuona mtu mwingine.

Yule mama akaniuliza kama mimi ni babu wa mtoto. Nikasema hapana. Akaniuliza basi ni nani. Nikamwandikia namba yangu.


Jumapili, 25 Oktoba. Kasulu.

Nimepiga kura. Foleni ya amani. Watu wananisalimia, wananipa pole ya Zefania, najibu nimeshapoa. Sijapoa. Nina hasira na Adelina, na hasira haina pa kukaa, maana kila nikiigeuza naona uso wangu.

Keshokutwa nakwenda Kibondo. Mambo haya hayasemwi kwa simu. Nimeshtuka nilipoandika sentensi hiyo.


Jumanne, 27 Oktoba. Kibondo.

Adelina alipiga magoti kunisalimu. Nikamwambia ainuke. Hakuinuka upesi.

Hakukana. Meseji aliisoma. Aliielewa. Alinipigia tangu adhuhuri hadi mtandao uliposhika jioni, akiwa na neno lenyewe mdomoni. Kisha akasikia kilio nyuma yangu. Akasema, "Ningekuambiaje, Mwalimu? Ulikuwa na udongo mikononi." Alikusudia kuniambia Jumapili. Jumapili akaona ni mapema. Jumatatu akaona mtandao una shida kwa wote, labda si diski. Kila siku ikawa ngumu kuizidi jana yake, kwa sababu sasa alikuwa na la kueleza la pili: kwa nini alinyamaza.

Mtu anayefiwa hatwishwi mzigo mwingine. Hilo tunafundishwa kabla ya kusoma. Mimi mwenyewe nimelifundisha. Nimewahi kuficha barua ya mwenzangu wa shuleni hadi arobaini ya mkewe ipite, na watu wakanisifu kwa busara. Yeye amefanya lilelile. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na mtoto upande wa pili wa heshima yetu.

Kisha tukaenda kwa Godeliva. Nilikataa Adelina aseme. Tulizungumza kwa Kiha changu na Kirundi chake, vinasikilizana vizuri tu. Nilianza na salamu. Sikuweza kujizuia. Habari za mtoto mchanga, za usiku, za mvua. Alinijibu nzuri, nzuri, nzuri, macho yake hayatoki usoni kwangu. Aliona tangu mwanzo. Salamu zangu zilimwongezea mateso tu.

Nikamweleza yote, mpaka mto.

Alimhamisha mtoto mchanga bega. Akauliza, "Mashine yenu ilijua?"

"Ilijua."

"Ikamwambia mtu?"

"Ilimwambia."

"Huyo mtu alinyamaza kwa nini?"

"Kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

"Yangu."

Hakulia. Akasema asante kwa kuja mwenyewe. Alisema kwa adabu, na adabu hiyo imenikwama kama mwiba wa samaki.


Jumatano, 4 Novemba. Kasulu.

Nimepanga upya. Naandika ili nisisahau nilichofikiri.

Kengele mbili za diski, si moja. Ya kwanza mapema, ya pili karibu. Na ya tatu inayotazama kasi ya kujaa, kwa sababu nafasi kubwa inayoliwa haraka ni mbaya kuliko nafasi ndogo iliyotulia. Ni picha zile ndizo zilizoila. Sasa zinapunguzwa kabla ya kupanda.

Kengele ya uhai nimeiagiza ichukulie kimya kuwa ubaya. Isiposikia chochote ipige kelele. Mwanzo nilikuwa nimeiacha ichukulie kimya kuwa salama. Huo ndio mpangilio unaokuja na mashine. Inaelekea waliotengeneza mashine nao walifundishwa na mama zao kujibu nzuri.

Meseji sasa zinakwenda kwetu sote, na zinarudiwa mpaka mmoja aandike "nimepokea". Neno la siri tunalo watatu. Mkuu wa mradi alisita kwenye simu. Nikamuuliza kama yeye huwa hafiwi. Akakubali.

Yote hayo ni mazuri. Huenda yangesaidia, lakini hayagusi kilichovunjika Jumamosi ile. Kengele ililia. Mtu aliisikia. Simu ilipigwa, ikapokelewa na mwenye uwezo. Kila kitu kilifanya kazi, habari ikaenda hadi sikioni kwangu, ikageuka kuwa pole.

Hakuna kipimo cha hapo. Nimetafuta.


Alhamisi, 12 Novemba. Kibondo.

Godeliva ameamua kurudi. Anajua hali ilivyo kule. Amelia usiku, asubuhi amefua nguo za mtoto mchanga, amezikunja, amekuja kuaga. Anasema kilimani kwao bibi atakuwa amemfikisha, au atakuwa amemwacha njiani kwa mtu, na mtu huyo hatakuja huku kuuliza mashine.

Nilimsihi angoje. Akauliza angoje nini.

Adelina amempa sweta lake mwenyewe na kitenge. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Sijui waliambiana nini, nilisogea kando.

Ameniomba jambo moja. Nisilifute jina. Nikamweleza kwamba likishapata alama ya kijani, makao makuu hulihamisha kwenye yaliyokwisha, nami nitalizuia. Akauliza alama ya kijani maana yake nini. Nikamwambia maana yake wamepatana.

Ameitazama skrini. Jina lake, jina la mwanawe, mstari unaowaunganisha. Akagusa kioo kwa kidole, kisha akaifuta alama ya kidole kwa kona ya khanga, akijua ni mali ya ofisi.


Jumatatu, 7 Desemba. Kasulu.

Mvua imepungua. Maharage ya nyuma ya nyumba yameanza kutoa maua. Mama Tekla yuko Muyama na shemeji yake, wanagawana nguo za Zefania.

Hakuna habari kutoka ng'ambo. Nimemwachia namba yule mama wa Munanila. Alipiga wiki iliyopita, nikaruka kutoka kitini. Alikuwa anataka kujua kama nimeshampata mjukuu.

Wale wawili bado wako kwenye skrini, kijani. Ni kweli, wamelinganishwa. Hawako hapa, si mmoja si mwingine. Makao makuu wameniandikia kuuliza kwa nini sijalifunga jambo lao. Nimejibu halijakwisha. Wataniuliza tena mwezi ujao.

Vipimo vyote salama tangu asubuhi. Nimevisoma mara mbili. Siku hizi nikiliona neno hilo nalifungua nione kilicho chini yake.

Adelina amebaki kazini. Nilimwombea kwa mkuu wa mradi. Bado ananipigia na salamu zake zote, na bado nazipokea, maana sijui kuishi na watu bila hizo. Lakini juzi kengele ndogo ililia, ya walioungana kuzidi kiwango. Simu ikaingia. Nikasikia anavuta pumzi. Nikasikia shikamoo ikija. Akaimeza. Akasema kengele imelia, ni ya walioungana, nifanye nini. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayetukana kwa mara ya kwanza. Nikamwambia la kufanya. Akalifanya. Ndipo akanisalimu.

Shukuru naye nimemwambia mara mbili afanye hivyo, ameitikia ndiyo Mzee, lakini aliitikia kwa heshima tu. Hilo si jibu. Leo hii nampigia tena, na daftari likae wazi ukurasa huu nisije nikaahirisha.

Leo mpigie simu anayepokea kengele yako, umwambie aanze na habari mbaya, salamu zifuate.